Mswada wa Simfonia ya Kumi: Habari za Gustav Mahler na Wasii Wake

Liko swali moja ambalo kila mwenye kushughulika na maandishi ya marehemu hana budi kulikabili: mtu akifa, na kazi yake ikaachwa mezani haijaisha, je, aliye hai ana idhini ya kuigusa? Wapenda mashairi hulikuta swali hili kila wapatapo karatasi iliyoliwa na mchwa, nao wamezoea kulipima kwa vina na mizani. Sisi hapa twataka kulipima kwa muziki wa ala, kwa kuwa huko liko jambo lililotukia peupe, lenye tarehe zake, lenye karatasi zake, na lenye mjane aliyekataza kisha akaruhusu. Nalo ni jambo la Simfonia ya Kumi ya Gustav Mahler.

Simfonia ni utungo mrefu wa ala nyingi zilizokusanyika, nao hugawanyika sehemu nne au tano, au pengine zaidi. Mtunzi wake haandiki tuni peke yake. Humwandikia kila mpigaji maneno yake, kama tuwezavyo kusema: huyu wa fidla, yule wa filimbi, yule wa tarumbeta, hata ukurasa mmoja wa kitabu cha noti huwa na safu ishirini au thelathini ziendazo sambamba. Twamwomba msomaji alishike hili, maana hoja yetu yote imesimama juu yake. Kati ya tuni iliyomo moyoni mwa mtunzi na kitabu kilicho tayari kwa wapigaji ipo safari ndefu, na mauti huweza kumkuta mtu mahali po pote katika safari ile.

Mahler alizaliwa tarehe 7 Julai 1860 katika kijiji cha Kaliště, nchi ya Bohemia, iliyokuwa siku zile chini ya Kaisari wa Austria. Riziki yake hakuipata kwa kutunga bali kwa kuongoza wapigaji na waimbaji. Tangu 1897 hata 1907 alikuwa mkuu wa nyumba ya opera ya Kaisari mjini Vienna. Kwa sababu hiyo muda wake wa kutunga ulikuwa likizo ya kiangazi tu. Wakati wa kiangazi aliandika mswada, na majira ya baridi, katika saa alizoziiba kutoka kwa kazi ya mshahara, aliusafisha na kuzigawanya sauti kwa ala. Desturi hii ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata.

Mwaka 1907 ulimwangukia kama mti. Binti yake mkubwa, Maria, alifariki mwezi wa Julai. Waganga wakamwambia yeye mwenyewe kuwa moyo wake una kasoro. Tena akaiacha kazi yake ya Vienna. Akaenda New York, Marekani, kuongoza huko wakati wa baridi, na kila kiangazi alirudi Ulaya, akakaa karibu na Toblach, mahali pa milimani palipokuwa Austria wakati ule na ambapo leo ni Italia. Hapo alikuwa na kibanda cha mbao cha kutungia, mbali kidogo na nyumba. Mwaka 1908 alitunga *Das Lied von der Erde*, mwaka 1909 Simfonia ya Tisa, na mwaka 1910 akaianza ya Kumi.

Ilikuwa katika kiangazi hicho cha 1910 ndipo ilipofika barua. Mwandishi wake alikuwa kijana aitwaye Walter Gropius, mjenzi wa majumba ambaye baadaye alikuja kuwa mashuhuri sana, naye alimwandikia Bibi Alma, mke wa Mahler, maneno ya mpenzi. Lakini juu ya bahasha aliandika jina la mume. Kama alikosea au alikusudia, watu wamebishana. Bahasha ilifunguliwa na yule ambaye jina lake lilikuwa juu yake. Mwezi wa Agosti Mahler alisafiri mpaka mji wa Leiden, Uholanzi, akatembea kwa saa kadhaa pamoja na mganga Sigmund Freud akimweleza habari za nyumba yake. Kisha akarudi kwenye mswada. Tena mswada ule unayo mambo yasiyopatikana katika mswada wa kawaida wa muziki: katikati ya noti Mahler aliandika vilio, akamwita Mungu, akataja wazimu, na mwishoni kabisa, chini ya noti za kufungia, akamwandikia mkewe kwa jina la kipenzi kwamba kwa ajili yake ataishi na kwa ajili yake atakufa.

Sasa tutazame karatasi zenyewe, maana hapa ndipo wengi waliopinga walipohukumu bila kuangalia. Simfonia ina sehemu tano. Ya kwanza, iendayo polepole, yenye vipimo 275, ilikwisha kuandikwa kwa ala zote, ijapokuwa bado haijasafishwa. Ya pili nayo iliandikwa kwa ala zote, lakini kwa haraka, na mahali pengine safu ni tupu. Ya tatu, iliyo fupi kuliko zote, Mahler aliipa ala vipimo kama thelathini vya mwanzo, na baki akaliacha katika safu chache. Ya nne na ya tano zimo katika safu nne tu, yaani tuni, sauti ya chini, na sauti za kati mahali zilipo, pamoja na dokezo la jina la ala hapa na pale.

Lakini jambo kubwa ni hili: uzi haukatiki. Toka kipimo cha kwanza cha sehemu ya kwanza hata kipimo cha mwisho cha sehemu ya tano, ipo tuni, na urefu wa kila sehemu umekwisha kuwekwa. Hata mwisho wake aliuandika mara mbili: kwanza katika ufunguo mmoja, kisha akauhamisha mpaka ufunguo ule ulioanzia simfonia, ili safari ile ndefu irudi nyumbani ilikotoka. Mtu asiyejua anakoelekea hafanyi hivyo. Jengo lilikuwa limesimama kuta na paa. Lililosalia ni lipu, milango na rangi. Twakiri kwamba katika muziki wa Mahler rangi si jambo dogo.

Ukatafuta mfano wa jinsi maisha yalivyoingia katika karatasi zile, utauona katika pigo la ngoma. Mwezi wa Februari 1908, Mahler na mkewe wakiwa New York, mazishi ya mzima-moto mmoja aliyefia kazini yalipita chini ya dirisha la hoteli yao. Msafara ukasimama, ikapigwa ngoma kubwa iliyofunikwa, pigo moja zito lisilo na mwangwi, kisha kimya. Mkewe amesimulia kwamba alimwona mumewe dirishani akitokwa na machozi. Miaka miwili baadaye pigo lile lilitokea katika mswada, likifunga sehemu ya nne na kufungua ya tano, na kando yake mtunzi aliandika kuwa maana yake ni mke wake pekee aijuaye.

Mahler hakupata majira ya baridi ya kusafisha kazi hii. Mwezi wa Septemba 1910 aliongoza Simfonia yake ya Nane mjini Munich kwa mara ya kwanza, akaenda tena New York, akaugua huko, na mwezi wa Februari 1911 akaongoza kwa mara ya mwisho. Alirudishwa Vienna akiwa mgonjwa, akafa tarehe 18 Mei 1911, umri wake miaka 50.

Mswada ukabaki mikononi mwa mjane. Je, marehemu alisema nini juu yake? Hapa habari zagongana. Richard Specht, aliyeandika maisha ya Mahler miaka michache baada ya kifo, alitangaza kuwa Mahler alitaka mswada uchomwe. Lakini mwaka 1924, Bibi Alma alipoutoa hadharani kwa picha zilizofuatisha mwandiko ule ule wa marehemu, mwandishi wa maneno ya utangulizi alikuwa Specht yeye yule! Katika desturi za pwani yetu wosia wataka mashahidi, na wosia wa mdomo ambao shahidi wake aubadilisha hauwezi kumfunga mrithi. Twaona, basi, kwamba hoja ya wosia haitoshi kulikata shauri hili kwa upande wo wote.

Mwaka ule ule wa 1924 Ernst Krenek, aliyekuwa wakati huo mume wa Anna, binti wa Mahler aliye hai, alizitayarisha sehemu ya kwanza na ya tatu, nazo zikapigwa Vienna mwezi wa Oktoba chini ya Franz Schalk. Baada ya hapo kukawa kimya kirefu. Watungaji wakubwa waliombwa kuichukua kazi nzima, wakiwamo Arnold Schoenberg na Dmitri Shostakovich, wakakataa. Hatuwalaumu. Mtungaji mkubwa ana sauti yake, na akiingia katika nyumba ya mwingine hutoka ameigeuza iwe yake. Waliokubali walikuwa watu wa namna nyingine, wapenzi na wasomi wasio na jina kubwa, kila mmoja akikaa na picha zile za 1924 na kioo cha kukuzia: Clinton Carpenter huko Marekani, Joe Wheeler huko Uingereza, Hans Wollschläger huko Ujerumani, ambaye baadaye aliiacha kazi yake, na Deryck Cooke mjini London.

Bwana Cooke alikuwa mtumishi wa BBC. Mwaka 1960 ilikuwa miaka mia tangu Mahler azaliwe, naye alitakiwa kuandaa mazungumzo ya redio kuueleza mswada ule, yenye mifano michache ya kupigwa. Alipoanza kunakili mwandiko kwa ajili ya mifano hiyo, aligundua lile tulilolisema juu, kwamba uzi haukatiki. Tarehe 19 Desemba 1960 mazungumzo yake yalitangazwa, na wapigaji chini ya Berthold Goldschmidt wakaipiga sehemu kubwa ya simfonia, yakiwako mapengo katika sehemu ya pili na ya nne. Goldschmidt alikuwa mtungaji wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza katika 1935, naye alimsaidia Cooke katika kuzigawa ala.

Ndipo Bibi Alma, aliyekuwa akikaa New York, alipokataza isipigwe tena. Alikataza asijaisikia. Wako waliomwona mkorofi. Sisi twamwona kama mtu aliyekwisha kuona watu wengi wakiigusa mali ya marehemu, naye ndiye aliyejua vilio vilivyoandikwa kando ya noti zile vilimhusu nani. Twaona ajabu, hata hivyo, kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuvianika vilio hivyo mbele ya ulimwengu katika 1924. Mwaka 1963 alitembelewa na kiongozi wa muziki Harold Byrns, akapigiwa sauti iliyohifadhiwa ya matangazo yale ya 1960. Husimuliwa kwamba sehemu ya mwisho ilipokwisha aliomba ipigwe tena, na kwamba alisema hakujua kuwa mna Mahler mwingi kiasi kile ndani yake. Mwezi wa Mei mwaka ule alimwandikia Cooke kwa mkono wake kuondoa katazo. Alikuwa na umri wa miaka 83.

Binti yake Anna akatoa kurasa nyingine ambazo hazikuwamo katika picha za 1924, na mapengo yakazibika. Tarehe 13 Agosti 1964, katika jumba la Royal Albert Hall mjini London, simfonia ilipigwa nzima kwa mara ya kwanza, kiongozi akiwa Goldschmidt. Bibi Alma alifariki mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Cooke hakutosheka, pamoja na ndugu wawili, Colin na David Matthews, aliirudia kazi yake, ikapigwa mara ya kwanza katika sura hiyo mwezi wa Oktoba 1972, na kuchapishwa 1976. Mwezi wa Oktoba mwaka huo naye akafa.

Kwa kuwa karatasi hii ni ya mambo ya lugha, na tuulize: Cooke aliifanya nini simfonia ile? Wengi husema *aliimaliza*. Yeye alilikataa neno hilo kwa nguvu. Kwenye jalada aliandika kuwa ni mswada wa Mahler uliotayarishwa upate kupigwa, wala hakudai zaidi. Kiswahili chatupa vitenzi vya kutosha kuutambua ukweli wake. *Kumaliza* ni kuufikia mwisho, na mwisho Mahler aliufikia mwenyewe. *Kukamilisha* ni kukifanya kitu kisipungukiwe, na hilo hakuna awezaye ila mwenyewe, ambaye angefuta, angeongeza, angegeuza. Maana Mahler alizitengeneza simfonia zake hata baada ya kuchapwa. *Kuziba* ni kutia kitu mahali palipo tupu, na hilo Cooke alilifanya katika sauti za kati, akitazama jinsi Mahler alivyofanya mahali panapofanana. *Kunakili* ni kuandika tena kilichoandikwa, na hilo alilifanya zaidi ya yote. Katika kitabu kilichochapishwa, safu za mswada wa Mahler zimewekwa chini ya ukurasa, ili kila msomaji ashushe macho, alinganishe, na kumhukumu Cooke kwa ushahidi wa Cooke mwenyewe. Laiti wote waharirio maandishi ya wafu wangefanya vivyo hivyo!

Uangalifu huu wa majina hauko kwa Cooke peke yake. Mwingereza Edward Elgar alipokufa Februari 1934, aliacha vipande vingi vya Simfonia ya Tatu vilivyotawanyika bila kuungwa, tena alikuwa ameomba asiruhusiwe mtu kuvichezea. Jamaa zake waliheshimu ombi hilo kwa muda mrefu. Lakini vipande vingi vilikwisha kuchapwa katika kitabu cha 1936, na sheria ingeviachia huru mwanzoni mwa 2005. Wakaona heri wamchague mtu waliyemwamini. Anthony Payne alifanya kazi hiyo, nayo ikapigwa London mwezi wa Februari 1998, ikiitwa vipande vya Elgar vilivyofafanuliwa na Payne. Hapo ilibidi Payne atunge, kwa maana mwisho wa simfonia haukuandikwa. Na Anton Bruckner, aliyekufa 1896, karatasi za sehemu ya mwisho ya Simfonia yake ya Tisa zilitawanyika baada ya kifo, nyingine zikichukuliwa na wapenzi wake ziwe ukumbusho. Mambo haya matatu huitwa kwa jina moja, nayo si jambo moja.

Walioikataa kazi ya Cooke hawakuwa watu wadogo. Bruno Walter, mwanafunzi na rafiki wa Mahler, hakutaka mswada uguswe. Erwin Ratz, aliyesimamia uchapaji wa kazi zote za Mahler huko Vienna, alitoa sehemu ya kwanza peke yake mwaka 1964, kana kwamba nyingine nne hazipo. Hoja yao ni ya heshima, yaani wapigaji wasisikike wakinena kwa jina la marehemu maneno asiyoyasema.

Lakini twaona walilisahau jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Kwa miaka hamsini vitabu vilisema kuwa Mahler alikufa akiaga. Simfonia ya Tisa hufifia pole pole mpaka kimya. Sehemu ya kwanza ya ile ya Kumi, ikipigwa peke yake, hufika mahali ambapo noti tisa mbalimbali zalia pamoja kwa kishindo cha kutisha, na tarumbeta moja ikabaki imeng'ang'ania noti yake. Aliyeyasikia hayo tu angesadiki kuwa mtu huyu alikata tamaa. Ila kishindo kile chatokea tena katika sehemu ya tano, na baada yake tuni hutulia, ikapanda, ikamalizika kwa utulivu mkubwa, tena kwa noti za Mahler mwenyewe, wala si za Cooke. Kuiacha sehemu ya kwanza isimame peke yake ilikuwa pia ni kunena kwa jina la marehemu asilolisema. Aliyeikata hadithi katikati kwa kumheshimu msimulizi amekwisha kuigeuza hadithi.

Wengine wameendelea baada ya Cooke, Remo Mazzetti huko Marekani na Rudolf Barshai miongoni mwao, kila mmoja akigawa ala kwa namna yake, wengine wakimjaza Mahler kuliko ilivyopasa, kwa maoni yetu. Hata wanaokifuata kitabu cha Cooke hawajakubaliana katika yote. Lile pigo la ngoma limeandikwa mwisho wa sehemu ya nne, tena mwanzo wa sehemu ya tano. Wako viongozi walipigao mara mbili, kila sehemu pigo lake, na wako walioona kuwa ni pigo moja lenye kuziunganisha sehemu mbili, nao hulipiga mara moja.